Kufinyanga bakuli kwa mkono na kulitia glezi

Bakuli linalopasuka tanurini mara nyingi lilikuwa limeharibika tangu mezani. Anza na udongo wenyewe. Ule mweusi wa Embakasi, unaoganda kwenye viatu mvua ikinyesha, uache: huvimba ukilowa na kusinyaa mno ukikauka. Chukua udongo wa mfinyanzi kilo 5, changanya na nusu kilo ya vigae vilivyosagwa na kuchekechwa, kisha ukande mpaka ukiukata kwa waya usione tundu hata moja.

Kitako kiwe na unene wa milimita 8. Viringisha kamba za udongo nene kama kidole cha mwisho. Kila unapounganisha, kwaruza pande zote mbili kwa uma, paka uji wa udongo huohuo, mzito kama mala, halafu kwa dole gumba vuta udongo wa kamba ya juu ushuke hadi ya chini, mkono wa pili ukishikilia kwa nje. Kubonyeza tu hakutoshi, kiungo kitaachana. Baada ya kamba nne pumzisha bakuli likazike, la sivyo tumbo litalegea.

Kukausha ndiko kunakohitaji subira. Januari jua hukausha ukingo upesi huku kitako kikiwa bado kibichi, na ufa hutokea hapo. Funika kwa mfuko wa plastiki, uulegeze kidogo kila siku. Baridi ya Julai inaweza kukuchukua wiki mbili. Liguse kwa shavu: likiwa baridi, bado lina maji.

Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo tanuri likae chini ya 85 kwa saa tatu, mvuke utoke taratibu. Kisha panda nyuzi 100 kwa saa hadi 600, maana kwenye 573 chembe za kwazi, madini yaliyomo kwenye udongo, hutanuka ghafla. Malizia 1000. Usifungue kabla halijapoa.

Futa vumbi kwa sponji yenye unyevu kabla ya glezi, ule uji unaoyeyuka tanurini ukawa tabaka la kioo. Penye vumbi au mafuta ya vidole glezi hujikunja na kuacha upara. Chovya, hesabu hadi tatu, toa. Ichome kwa sindano: unene uwe kama milimita 1. Pangusa kitako na milimita 3 juu yake, lisigande kwenye rafu ya tanuri ukilichoma mara ya pili. Nunua glezi isiyo na madini ya risasi, inayoiva kwenye joto ambalo udongo wako unastahimili. Mistari myembamba kama utando ikitokea, glezi imesinyaa kuliko udongo. Bakuli hilo wekea funguo, si chakula.