SOMO: Mtoto hataki mboga. Soma yote kabla hujaniuliza

Kila wiki swali ni lile lile: "Mwanangu hagusi mboga, nifanyeje?" Nimelijibu mpaka vidole vimechoka. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa niendelee na shughuli zangu. Mimi si daktari. Ni mama wa wawili. Wa kwanza nilimharibu kwa mikono yangu mwenyewe, ikanichukua karibu mwaka kumrudisha.

Somo ni la watoto wa mwaka 1 hadi 6. Kwanza ondoa fikra kwamba mtoto ana kiburi. Katika miezi 12 ya mwanzo uzito wake hufika karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao, kisha mwaka wa pili anaongeza kama kilo 2 hadi 3 tu. Mwili umepunguza mwendo, na njaa nayo imepungua. Juu ya hapo, karibu na miaka 2 watoto wengi huanza kuogopa chakula wasichokizoea, hasa kichungu. Ni umri wa kutangatanga na kuokota kila kitu kutia mdomoni, na sumu nyingi za mimea ni chungu. Woga huo una maana yake.

Hatua ya 1. Panga saa za kula. Kati ya mlo na mlo ni maji tu. Aliyeshiba juisi hana shida na karoti yako. Maziwa nayo yakizidi nusu lita kwa siku yanaziba njaa, na mtoto anaweza kupungukiwa madini ya chuma.

Hatua ya 2. Chagua mboga moja. Moja.

Hatua ya 3. Ipike kama unayempikia mgeni. Kabichi, brokoli na koliflawa zikichemshwa kupita kiasi hutoa harufu ya salfa, halafu tunashangaa mtoto anaziba pua. Tumia mvuke kwa dakika chache, rangi ibaki, au zioke mpaka kingo ziwe kahawia, utamu utajitokeza wenyewe. Mafuta kidogo yanausaidia mwili kufyonza vitamini A inayotokana na karoti na boga. Chembe ya chumvi hufunika uchungu, ila asiyetimiza mwaka usimwekee.

Hatua ya 4. Weka kidogo sana, kando ya kitu ambacho una hakika anakila. Njegere tatu zinatosha. Kwa wadogo, karoti mbichi ngumu HAPANA, na nyanya ndogo za mviringo zikatwe vipande vinne kwa urefu. Kupaliwa kunaua.

Hatua ya 5. FUNGA MDOMO.

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nivumilie. Mwanangu alikuwa na miaka 3. Nilianza na kijiko cha bibi, kijiko cha shangazi, na ndege inakuja kutua. Ukoo ulipoisha nikahamia biskuti: kijiko cha njegere, biskuti moja. Wiki ya kwanza nilijiona bingwa. Wiki ya pili bei ikapanda, biskuti mbili. Siku moja nikamwekea ndizi, kitu alichokipenda tangu hana meno. Akaisukuma, akanitazama usoni: "Nikila utanipa nini?" Nilikaa chini. Nilikuwa nimemfundisha kwamba chochote mama anachokulipa ili ukile lazima ni kibaya, na sasa hata ndizi ilikuwa kazi ya kulipwa.

Si mimi peke yangu. Mwaka 2006 watafiti Marekani walichapisha jaribio la watoto wa shule ya awali na supu mbili za mboga. Kwa supu moja waliambiwa mara kwa mara "malizeni supu", ya pili waliachwa waile kwa raha zao. Ile waliyosukumwa walikula kidogo zaidi, na waliisema vibaya sana. Supu, jamani. Hakuna aliyepigwa wala kufokewa.

Kufunga mdomo maana yake: usibembeleze, usitishe, usihonge, usihesabu vijiko, na usimsifu akila. Ndiyo, hata makofi ni shinikizo, maana kesho asipokula atajua amekuangusha. Usimkodolee macho pia, watoto wanasoma uso kabla ya kusoma herufi. Zungumza habari nyingine. Ukishindwa kabisa, tafuna. Mlo ukiisha toa sahani bila maneno, na usiende kumpikia kingine. Halali njaa huyo, ulishamwekea anachokila. Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, aligawa kazi hivi: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi; mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Mimi nilikuwa nafanya kazi zote mbili.

Hatua ya 6. Kula mboga hiyo wewe, yeye akiona.

Hatua ya 7. Rudia. Kwa kawaida inahitajika mara 8 hadi 15 kabla mtoto hajaikubali mboga mpya, na wengine huchukua zaidi. Wazazi wengi tunakata tamaa mara ya tatu. Kugusa ni hatua, kunusa ni hatua, kulamba na kutema ni hatua kubwa. Mfundishe tu kutemea kwenye kitambaa.

MASWALI

Mama Mpya: Asante kwa somo. Ila wangu hataki mboga kabisa, nifanyeje?

*Jibu:* Hatua ya 1 mpaka ya 7.

Jikoni Kwangu: Mbona unajitesa? Mimi nasaga spinachi naficha kwenye mchuzi, hajui.

*Jibu:* Hajui bado. Mimi nilificha boga kwenye mchuzi wa tambi, siku moja akaona uzi wa rangi ya chungwa. Boga sikulipata, na tambi nikazipoteza kwa miezi minne. Kusaga si kosa, mwambie tu kilichomo, au asage yeye. Ila mboga asiyoiona hawezi kuizoea, utasaga mpaka aoe.

Baba Mapacha: Dada, nina mapacha wasiofanana, miaka 4. Jikoni moja, sahani moja. Mmoja anatafuna brokoli, mwenzake analia kwamba ni chungu. Anadanganya?

*Jibu:* Hadanganyi kaka, na swali lako ni zuri. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox alikuwa maabara, unga wa kemikali iitwayo PTC ukaruka hewani. Mwenzake akalalamika uchungu mdomoni, Fox hakuhisi kitu. Leo tunajua tofauti hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na jeni moja, TAS2R38, inayotengeneza kipokezi cha uchungu ulimini, na jamii ya kabichi na brokoli ina kemikali zinazogusa kipokezi hichohicho. Pacha wako huenda anaonja brokoli tofauti kabisa na unayoionja wewe. Anza naye na mboga tamu: karoti, boga, njegere. Brokoli ije baadaye, iliyookwa na mafuta. Na usimlinganishe na mwenzake mezani, tafadhali.

Haraka Haraka: Nimejaribu siku tatu hakuna kitu. Somo lako halifanyi kazi.

*Jibu:* Siku tatu. Hatua ya 7 uliiruka au uliisoma umefumba macho?

Mjamzito wa Miezi 6: Naweza kuanza sasa, kabla hajazaliwa?

*Jibu:* Unaweza! Ladha za unachokula hufika kwenye maji ya uzazi, na baadaye kwenye maziwa yako. Julie Mennella na wenzake walichapisha jaribio mwaka 2001: kundi moja la akina mama walikunywa juisi ya karoti miezi ya mwisho ya mimba, jingine wakati wa kunyonyesha, la tatu maji tu. Watoto walipoanza kulishwa, wale waliokutana na karoti kupitia mama walionyesha kuchukizwa kidogo zaidi na uji wenye ladha ya karoti. Kwa hiyo kula mboga za namna nyingi, si karoti tu.

Karoti Tele: Mkizidisha karoti na boga msije mkashtuka viganja na pua vikiwa vya manjano. Mimi nilikimbia hospitali usiku.

*Jibu:* Nyongeza nzuri. Angalia weupe wa macho: ukibaki mweupe kwa kawaida ni karoti, punguza tu. Macho yakiwa ya manjano, kimbia. Na bitiruti hufanya haja iwe nyekundu, mwambie na anayelea mtoto mchana.

Nina Wasiwasi: Wangu ana miaka 5, anakula vitu sita tu. Akiona kingine anataka kutapika, na uzito umeanza kushuka.

*Jibu:* Pole mama. Hilo si la somo hili. Mpeleke kwa daktari wiki hii, mwambie hivyo hivyo ulivyoandika, na uende na orodha ya vitu hivyo sita. Kuna watoto wenye tatizo halisi la kula, na si kosa lako. Endelea kumpa anavyokula.

Mzee wa Nidhamu: Mnawadekeza. Mimi nililazimishwa na leo nakula kila kitu.

*Jibu:* Kila kitu, mzee wangu? Hakuna hata mboga moja usiyoweza kuitazama?

Mzee wa Nidhamu: Bamia.

*Jibu:* Zioke nzima, usizikate, ute hautoki. Anza na tatu, kando ya kitu unachokipenda.

Mzee wa Nidhamu: Moto wa kiasi gani?