Mswaki wa Usiku Kabla Mtoto Hajasinzia

Katika nyumba nyingi za Mwanza chakula cha usiku huiva saa mbili au saa tatu, na mtoto wa miaka minne huwa amekwisha kusinzia mkekani kabla ugali haujapakuliwa. Akiamshwa ale, kisha avutwe kwenda kupiga mswaki, atalia, na kilio hicho humfukuzia usingizi uliokuwa umekwisha kumjia. Kwa hiyo anza na chakula: mtengee mtoto ugali na samaki wake saa moja, hata kama wakubwa watakula baadaye, na umsafishe meno angali mchangamfu.

Mtu akilala, mate hupungua sana kinywani, na mate ndiyo yanayopunguza makali ya asidi ambayo bakteria huitengeneza kutokana na sukari. Ndiyo maana uji wa sukari wa usiku, au chupa ya maziwa anayolala nayo mtoto, huozesha meno haraka. Baada ya mswaki ni maji tu.

Mketishe chini mbele yako, kichwa chake kikilalia mapaja yako, umwinue mdomo wa juu kwa kidole na kummulika kwa tochi ya simu. Ukiona mstari mweupe kama chokaa kandokando ya ufizi, jino limeanza kuharibika, na hatua hiyo bado hurekebishika kwa dawa ya meno yenye floridi. Kwa aliye chini ya miaka 3 weka dawa kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Sugua taratibu kwa dakika 2, usiyasahau magego ya nyuma, kisha ateme povu bila kusukutua, ili floridi ibaki menoni. Binti yangu alishika mswaki mwenyewe mapema, lakini mkono wa mtoto hauaminiki kabla ya miaka 7 au 8, basi mmalizie wewe.

Kisha punguza taa, msimulie hadithi, alale. Mpangilio uwe uleule kila siku, kwani mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi, ukijumlisha wa mchana.

Anayeamka usiku ameshika shavu, au anayetafunia upande mmoja, mpeleke kwa daktari wa meno. Usiambiwe kwamba ni meno ya utoto tu: magego hayo hukaa mpaka miaka 10 au 12.