Oili Inavuja, au Ilimwagika Tu?

Ukikuta injini ya gari imelowa oili siku chache baada ya sevisi, usikimbilie kununua gasketi (kizuizi chembamba cha kuziba maungio ya injini). Huenda aliyeijaza hakutumia faneli, au filta ilipofunguliwa ilimwaga oili juu ya fremu. Oili hiyo hudondoka kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na inadanganya kweli.

Osha kwanza. Injini ikiwa baridi, paka dawa ya kuondoa grisi, sugua kwa brashi, suuza bila kulowesha alteneta (kifaa kinachochaji betri), kausha. Pima oili kwa kijiti gari likiwa mahali tambarare. Endesha kilomita 50 hivi, kisha egesha juu ya kadibodi usiku kucha.

Asubuhi anza kukagua juu: oili huteremka, na upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo tone la chini halionyeshi chanzo. Pangusa kwa kitambaa cheupe chini ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), kuzunguka filta, swichi ya presha ya oili na nati ya kutolea oili. Kitambaa kikitoka kikavu na kadibodi ni safi, ilimwagika tu. Ukiona mchirizi mbichi, ufuate hadi unapoanzia. Mchirizi ukianzia kwenye filta, ifungue uone kama mpira wa filta ya zamani ulibaki umenata kwenye injini. Mipira miwili ikibanwa pamoja, oili huruka kwa presha.