Somo: Kivuli cha bustani ya nyumbani, Septemba mpaka mvua zishuke

Wadau, habari za asubuhi. Kila mwezi wa tisa naulizwa jambo lilelile: "Miche yangu imeungua, nifanyeje?" Mche ukishaungua, dawa ni kuotesha mwingine. Kwa hiyo naandika hapa mara moja, na atakayeuliza nitamwelekeza huku.

Sisi wa Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja wa mvua, wa kati ya mwisho wa Novemba au Desemba na Aprili au Mei. Mboga za kiangazi zinaishi kwa ndoo. Upepo wa kusi ukishapoa, na ule wa kaskazi bado haujatulia, mawingu yanakuwa machache, na tarehe 20 Oktoba hivi jua linapita utosini kabisa hapa Mtwara mjini. Simama uani saa sita mchana siku hiyo, utaona kivuli chako kimeishia kwenye nyayo. Ndiyo maana tuta lililokingwa na nyumba mwezi wa sita, jua likiwa upande wa kaskazini, Oktoba linabaki wazi. Watu wengi wananiambia "mbona Juni palikuwa pazuri?" Palikuwa pazuri, ila jua limehama.

1. Otesha miche kitaluni, chini ya kivuli chepesi. Nyanya zikifika majani manne au matano ya kweli (yale mawili ya kwanza ya mbegu usiyahesabu), hamisha.

2. Hamisha jioni, kuanzia saa kumi na moja, ukiwa umemwagilia kitalu kwanza.

3. Tandaza nyasi kavu, unene wa vidole vinne. Kuzunguka shina acha wazi upana wa kiganja, maana huku kwetu kuna mchwa, na nyasi ikigusa shina umewajengea njia.

4. Kichanja. Simika nguzo zifike usawa wa kifua, weka fito, halafu panga juu makuti mabichi ya mnazi yasiyosukwa. Walio Masasi na Nachingwea, ambako minazi ni michache, tumieni nyasi ndefu. Usizibe kabisa. Jua lipenye kwa madoadoa kama linavyopenya kwenye jamvi lililochakaa. Pembeni acha wazi upepo upite, isipokuwa upande wa magharibi: hapo shusha kuti moja mpaka karibu na ardhi, kwa sababu jua la saa tisa linaingia kwa ubavu na paa halilioni. Nailoni usitumie, wala nyeusi wala nyeupe. Inafungia joto ndani na miche inachemka.

5. Mwagilia alfajiri, kwenye shina, polepole. Maji mengi siku mbili kisha ukame siku tatu ndiyo yanayoozesha nyanya kitako.

6. Kuondoa kivuli. Hapa ndipo nilipopoteza bustani nzima, naomba msome polepole. Nilikuwa na miche 60 ya nyanya, imekaa chini ya makuti wiki tatu, mizuri, imeanza kutoa maua. Nyanya inahitaji jua ili izae, kwa hiyo nilijua kivuli lazima kipungue. Asubuhi moja kulikuwa na wingu, nikaona hii ndiyo siku yenyewe, nikaezua kichanja chote na makuti nikampa jirani. Saa nne wingu likaondoka. Kufika saa nane majani ya juu yalikuwa meupe kama karatasi. Nikadhani ni kiu. Nikafungua mpira uliokuwa umelala juani tangu asubuhi, na maji ya kwanza kutoka yalikuwa ya moto hata mkono hauvumilii, nayo nikayamwagia miche. Udongo kumbe ulikuwa na unyevu wa kutosha tangu alfajiri, mizizi haikuwa na kiu. Tatizo lilikuwa jani. Jani lililokulia kivulini ni jembamba na laini, halijajijengea ngozi ya kuhimili jua kali. Ilipona miche 19.

Kwa hiyo zoesha. Siku mbili za kwanza funua tangu kunapambazuka mpaka saa mbili, kisha rudisha. Siku mbili zinazofuata fika saa tatu. Halafu fika saa nne, na jioni funua tena kuanzia saa kumi. Kazi yote ichukue siku saba mpaka kumi. Makuti usiyagawe wala usiyachome mpaka mvua zishike. Kuti la magharibi libaki hapohapo msimu wote. Na wingu la asubuhi usiliamini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Masasi: Nipige dawa gani nyanya zisiungue na jua?
Jibu: Hakuna dawa. Soma hatua ya 4 na ya 6.

Mwanachama, Lindi mjini: Nina nailoni ya kufunikia mahindi, naweza kuitumia?
Jibu: Nimeshasema usitumie. Mstari wa mwisho wa hatua ya 4.

Mwanachama, Ruangwa: Bibi zetu walilima bila vichanja na tulikula mboga. Mnatuongezea kazi tu.
Jibu: Bibi zetu walilima mvua zikiwa juu, na kiangazi walikula kisamvu, matembele ya bondeni na mboga za kukausha. Hawakulazimisha nyanya Oktoba kwenye mchanga. Mimi nawaheshimu, na hilo ni sehemu ya maarifa yao. Anayetaka nyanya Oktoba aweke kivuli.

Mwanachama, Tandahimba: Samahani mwalimu, miche yangu inalala mchana halafu jioni inasimama. Nayo imeungua?
Jibu: Hapana dada, na umefanya vizuri kuichunguza jioni. Kulala mchana na kusimama jioni ni kujikinga kwake, usiihangaikie. Itazame alfajiri. Ukiikuta bado imelala alfajiri, chimbua udongo kwa kidole. Ukiwa mkavu, ni kiu. Ukiwa na unyevu, kata shina la mche mmoja karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi, usitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa, choma, na hapo usipande tena nyanya, bilinganya wala pilipili kwa misimu kadhaa. Panda mahindi.

Mwanachama, Tandahimba: Asante sana. Na maua yanayodondoka?
Jibu: Mchana ukipita nyuzi 32 hivi na usiku nao ukabaki wa joto, chavua inakosa nguvu na ua linadondoka. Kichanja kinasaidia kidogo. Huku kwetu Oktoba bamia, mchicha na nyanya chungu zinavumilia zaidi, weka nazo.

Mwanachama, Newala: Dada yangu ameolewa Makete, anasema mboga zake mwezi wa saba zinaungua na baridi, majani yanakuwa meusi. Makuti haya yatamfaa?
Jibu: Swali zuri sana hili. Hiyo ni jalidi, inashuka usiku usio na wingu wala upepo, na inakaa zaidi mabondeni kwa kuwa hewa baridi ni nzito, inateremka. Kifuniko kitamfaa ila saa zake zinageuka. Sisi tunafunika mchana, yeye afunike kabla jua halijazama na afunue asubuhi jua likishapanda. Sisi tunaacha pembeni wazi, yeye kifuniko kifike mpaka chini ardhini, ili joto ambalo udongo umelikusanya mchana lisitoroke. Kisiguse majani. Na mchana amwagilie udongo, kwa sababu udongo wenye maji unatunza joto kuliko mkavu. Nyasi alizotandaza azisogeze pembeni msimu huo, zinazuia jua kupasha udongo.

Mwanachama, Mikindani: Kwa nini nihangaike na kichanja wakati nina mkorosho uani? Napanda chini yake.
Jibu: Kivuli cha mkorosho ni kizito mno na mizizi yake inakunywa maji yako yote. Kitalu unaweza kukiweka pembezoni mwa kivuli, tuta la nyanya hapana.

Mwanachama, Mikindani: Na salfa, ule unga ambao jirani anapulizia mikorosho, ikipeperuka kwenye bustani?
Jibu: Nyanya na mchicha zinaistahimili, osha tu vizuri kabla ya kupika. Yalinde matango, maboga na matikiti, hayo salfa inayababua, hasa jua likishakuwa kali. Mwombe jirani akwambie siku anayopuliza. Wanapuliza alfajiri, kwa hiyo tandika shuka kuukuu juu ya mboga jioni ya kuamkia siku hiyo na ulikung'ute mbali na tuta kabla ya saa tatu.