Kabla ya Kupanda Mikoko, Yaulize Maji: Hatua kwa Hatua kutoka Lamu

Mara ya kwanza kikundi chetu kupanda mikoko, tulipanda miche 3,000 kwa asubuhi moja. Tulikuwa zaidi ya watu mia, kina mama na vijana wa upande wa Matondoni na Kipungani, pamoja na wageni waliokuja kwa mashua kutoka mjini. Mahali penyewe palikuwa fungu la tope lililo wazi mbele ya msitu, hapana mti, hapana jiwe, pazuri kwa picha. Mzee mmoja, nahodha wa zamani, alisimama pembeni akatutazama, kisha akaniambia kwa Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu: "Mwanangu, hapa mai hayaondoki. Mti utapumua saa ngapi?"

Hatukumsikiliza. Kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, ilipokwisha tulirudi kuhesabu, na miche iliyobaki hai haikufika hamsini. Shirika lililotoa fedha lilikuwa limeshaandika ripoti, na ndani ya ripoti ile ilihesabiwa miche iliyopandwa, si iliyoishi. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu kina mama walioinama kwenye tope siku ile walidhani kosa ni la mikono yao.

Mwongozo huu ni kwa kikundi chochote cha kijiji kinachotaka kurudisha mikoko bila kupitia tuliyopitia. Nimeuandika nikifikiria Lamu, maana zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kwetu, lakini hata wenzetu wa Malindi na Ngomeni utawafaa. Wote tumelala chini ya dari za boriti za mikoko. Fito, pau, nguzo na banaa, miti ya mikoko ya unene mbalimbali, ndizo zilizopakiwa majahazini kwenda Arabuni vizazi kwa vizazi, hadi serikali ilipozuia biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Sasa bahari inapanda, na msitu ule ule ndio unaovunja mawimbi kabla hayajafika mashambani. Tope la chini yake limezika kaboni kwa mamia ya miaka. Msitu ukikatwa na tope likachimbuliwa, kaboni ile hurudi hewani na kuongeza joto.

Hatua ya 1: Tafuta ruhusa

Tangu mwaka 1932 mikoko ya pwani ya Kenya ni msitu wa serikali, hata kama babu yako ndiye aliyekuwa akikata pale. Nenda ofisi ya KFS, shirika la serikali la huduma za misitu, iliyo karibu nawe kabla ya kugusa jembe. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaruhusu wanajamii kuunda chama cha misitu na kutia saini makubaliano ya kuutunza msitu pamoja na KFS. Ikiwa kijijini kwenu chama kipo, jiungeni nacho badala ya kuanzisha kingine. Waone pia viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kwa sababu wavuvi wana njia zao na madau yao, na ukiwazibia bandari miche itang'olewa usiku.

Hatua ya 2: Uliza kwa nini hapana miti

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo ninayoomba uisome mara mbili.

Mkoko hujipanda wenyewe. Kila msimu mbegu huanguka kwa maelfu, maji huzibeba, na pale zinapokubaliwa huota bila msaada wa mtu. Basi ukiona uwanda mtupu kando ya msitu wenye miti mizazi, kuna kitu kinachozizuia. Kazi yako ya kwanza ni kukijua. Huenda pana kina kirefu mno na miche hufunikwa na maji muda mwingi. Huenda mchanga umeletwa na mvua kubwa au upepo ukafukia mizizi ya kupumulia. Huenda njia ya maji imezibwa. Huenda ni mbuzi. Au watu bado wanakata kuni na miti ya tanuu la chokaa kila wiki, na hapo hakuna mche utakaokua mpaka mzungumze na wakataji.

Eneo letu la pili lilikuwa nyuma ya msitu, visiki vitupu vya mkandaa, mojawapo ya aina za mikoko, na ardhi yenye ganda jeupe la chumvi. Tulikaa pale siku moja ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, tukayafuata maji yalivyokuwa yakiingia. Yalikuja kwa hori dogo, mkono mwembamba wa bahari, yakafika kwenye njia ya punda, yakasimama. Njia ile ilikuwa imejazwa mawe na mchanga miaka mingi ili punda wasizame, ikawa ukuta. Maji machache yaliyopenya yalibaki upande wa pili yakachemka juani mpaka yakawa makali kuliko bahari.

Tulichimba mfereji wa upana wa mita moja pale pale lilipopita hori la zamani, na juu yake tukalaza magogo ya minazi ili punda wapite. Siku mbili za jembe na chepe, watu kumi na wawili. Bamvua lililofuata maji yalivuka. Baada ya mwaka mmoja michu midogo, aina nyingine ya mikoko, ilikuwa imesimama kati ya visiki, na mikandaa nyuma yake. Pale hatukupanda hata mche mmoja.

Kwa hiyo ukigundua kizuizi, kiondoe, kisha subiri msimu mmoja wa mbegu. Mbegu zikija zenyewe, huna haja ya kuendelea na hatua za kupanda. Zisipokuja kwa sababu msitu mzazi uko mbali, endelea.

Hatua ya 3: Pima kimo cha ardhi

Mikoko huishi kati ya usawa wa wastani wa bahari na mahali maji ya bamvua kubwa hufika. Chini ya hapo ni nyumba ya nyasi za bahari, ambako kasa hula, na kupanda miche juu yake ni kuharibu kitu kizima ili kutengeneza kingine kitakachokufa.

Huhitaji mashine. Tafuta mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule mafundi wa ujenzi wanaotumia kusawazisha kuta, urefu wa mita 20. Ujaze maji na uhakikishe hauna mapovu ndani, maana povu moja linakudanganya. Mtu mmoja asimame na ncha moja kwenye mti wa asili ulio chini kabisa upande wa bahari, wa aina ile ile unayotaka kupanda. Mwingine asimame na ncha ya pili pale unapokusudia kupanda. Maji yakitulia, kila mmoja apime kutoka ardhini hadi usawa wa maji katika mpira. Kipimo cha kwako kikiwa kirefu zaidi, ardhi yako iko chini kuliko ya mti. Ikiwa umbali ni mkubwa, endelea kwa vituo, kituo baada ya kituo, na ujumlishe.

Tofauti ya upana wa kiganja inavumilika. Ya shibiri inatia shaka. Fungu lile letu la kwanza tulilipima baadaye, likawa chini kuliko mkoko wa mwisho kwa karibu dhiraa nzima. Nahodha alikuwa ameliona kwa macho.

Hatua ya 4: Mti gani, wapi

Kenya ina aina tisa za mikoko na kila moja ina mahali pake. Mlilana husimama mbele, usoni pa bahari. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya magongo, pamoja na muia. Mkandaa hupenda pakavu zaidi, panapofikiwa na maji ya bamvua lakini si ya maji mafu, yale ya siku ambazo bahari haijai sana. Mchu ni mvumilivu wa chumvi, utauona mbele na utauona tena nyuma kabisa karibu na nchi kavu. Mkomafi na kikandaa ni wa nyuma.

Vikundi vingi hupanda mkoko peke yake kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu na rahisi kushika. Tembea kwanza katika msitu uliobaki wenye kimo kama cha eneo lako, uandike unachokiona, kisha panda hicho hicho.

Hatua ya 5: Kukusanya mbegu

Mbegu ya mkoko iliyoiva huonyesha pete ya manjano shingoni, pale inapoungana na tunda. Ukiishika na kuizungusha kidogo hutoka yenyewe. Ukilazimika kuivuta, iache, bado ni changa. Kagua kila moja. Yenye kitundu cha mdudu au ncha iliyovunjika itupe. Kusanya kutoka miti mingi, usimalize mti mmoja.

Ziweke kivulini zikiwa zimesimama, chini ya gunia lenye unyevu. Za mkoko hatuzipandi siku ile ile, tunazingoja kama wiki moja, kwa sababu kaa huipenda zaidi mbegu mbichi iliyotoka mtini. Mbegu ya mchu haisubiri hivyo. Iloweke usiku mmoja, ganda litavuka, kisha uipande haraka.

Hatua ya 6: Kitalu, ukikihitaji

Mkoko, muia na mkandaa waweza kuchomekwa moja kwa moja. Kitalu kinafaa kwa mchu, na kwa maeneo yenye kaa wengi au mbegu za msimu mfupi. Kiweke mahali maji ya bahari yanafika yenyewe, chini ya kivuli chepesi cha makuti, ili usibebe ndoo. Tumia tope la chini ya mikoko. Badala ya mifuko ya plastiki, kina mama wa kikundi chetu husuka vikapu vidogo vya ukili, na mche huingia ardhini pamoja na kikapu chake, mizizi isiguswe. Mche wenye miezi minne hadi sita na majani jozi mbili au tatu uko tayari, lakini wiki chache kabla uondoe kivuli, uzoee jua.

Hatua ya 7: Siku ya kupanda

Tazama mwezi. Kwetu siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa yapata saa kumi na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hiyo ndiyo nafasi yako: shukeni saa tatu maji yakitoka, mpande mkiyafuata, na ikifika saa sita muwe mmeanza kurudi. Mahali palipo wazi kwa mawimbi tusipande kusi inapovuma kwa nguvu. Masika ni mazuri kwa maeneo ya ndani ya hori, kwa kuwa mvua hupunguza chumvi.

Chomeka mbegu ya mkoko ncha iliyochongoka ikiangalia chini, robo hadi theluthi ya urefu wake iwe ndani ya tope. Ukiizamisha zaidi huoza, ukiiacha juu juu huelea. Bana tope kwa vidole pembeni, usikanyage kwa mguu. Nafasi ya mita moja kwa mita moja hutoa miche 10,000 kwa hekta, lakini sisi siku hizi tunapanda kwa mafungu ya miche kumi iliyokaribiana, na kati ya fungu na fungu tunaacha uwazi mbegu za asili zijipandie. Mawimbi yakija, miche ya fungu moja hukingana.

Usiwaite watu mia. Watu ishirini wanaojua wanachofanya hukanyaga kidogo na humaliza vizuri.

Hatua ya 8: Kulinda na kuhesabu

Miezi mitatu ya kwanza nenda kila bamvua. Ondoa takataka na nyavu zilizonasa kwenye miche, kwani wimbi likivuta wavu mmoja hung'oa mistari miwili. Ukiona vigamba vidogo vyeupe vigumu vimeganda kwenye shina, vibanue taratibu kwa kijiti, lakini vikirudi kwa wingi elewa kwamba mahali hapo pako chini mno. Rudi Hatua ya 3. Mbuzi na punda wanahitaji mazungumzo na wenyewe, ua pekee hautoshi.

Wachoma chokaa na wauza kuni wakaribishwe kwenye kikundi tangu mwanzo. Kwetu wawili wao ndio walinzi bora tulio nao, na sasa wametundika mizinga ya nyuki kwenye michu mikubwa, mti ambao maua yake nyuki huyapenda sana. Mtu mwenye mzinga mtini haukati.

Kuhesabu fanya hivi. Weka vigingi vinne kufanya mraba wa mita 10 kwa mita 10, mitatu au minne ya namna hiyo katika sehemu tofauti, si ile iliyostawi tu. Hesabu iliyo hai mwezi wa kwanza baada ya kupanda, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, na katika daftari uandike mistari miwili: iliyopandwa na iliyojiotea. Mfadhili akija, mpe daftari hilo kabla hajaomba picha. Ikiwa zaidi ya nusu imekufa kufikia mwezi wa sita, usijazie mapengo kwa miche mipya. Chukua mpira, jaza maji, umwite na mzee anayelijua hori hilo, mshuke pamoja siku ya bamvua.