Mtoto anaharisha: kuchanganya ORS na kumnywesha

ORS, unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa, haikatizi kuharisha. Hapo ndipo wengi wanapoikatia tamaa: mtoto kanywa vikombe viwili, choo bado maji matupu, basi wanakimbilia vidonge vya dukani. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi zinazopotea, na upungufu huo ndio unaoua.

Soma pakiti kwanza. Nyingi ni za lita 1, ila zipo za nusu lita na hata za mililita 200. Kwa ya lita 1, nawa mikono kwa sabuni, pima chupa mbili za nusu lita za maji yaliyochemshwa yakapoa, mimina unga wote, koroga hadi chembe zote ziyeyuke. Usigawe unga kwa kukadiria. Maji yakipungua chumvi inazidi na humdhuru mtoto. Yakizidi, nguvu yake inashuka. Usiongeze sukari, usichemshe tena. Funika, na baada ya saa 24 mwaga iliyobaki.

Wa chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji. Aliyezidi hapo, 100 hadi 200. Mnyweshe kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole, kijiko kimoja kila dakika mbili tatu. Mzee anayeharisha naye asisubiri kiu. Kwa umri wake huchelewa kuja.

Zinki iende sambamba: miligramu 20 kwa siku, 10 kwa wa chini ya miezi 6, siku 10 hadi 14. Kidonge huyeyuka kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Choo kikitulia siku ya tatu, maliza dozi hata hivyo.

Aendelee kunyonya na kula. Soda na juisi za dukani achana nazo, sukari yake nyingi huvuta maji utumboni na kuzidisha kuharisha. Chanjo ya rota, kirusi kinachoharisha watoto, Tanzania hutolewa mtoto akiwa na wiki 6 na wiki 10, isirukwe.

Finya ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu, kisha achia. Ikirudi polepole, au macho yamedidimia, mtoto amelegea, anashindwa kunywa, au choo kina damu, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo. Kama anaweza kumeza, mpe ORS njia nzima.