Ulikua ukibaniwa gemu za mkononi? Soma hii kabla hujamwekea mwanao sheria

Sisi tuliokua wazazi wakitubania gemu za mkononi, tukishazaa tunaangukia upande mmoja kati ya miwili, ama unambana mtoto vilevile ulivyobanwa ama unamwachia acheze mpaka usiku wa manane kwa sababu hutaki apitie ulichopitia. Mi nilianza na huo wa pili na haukunifikisha popote.

Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa, kaa chini ujiulize kilichokuuma hasa ni nini. Nilipokaa nikafikiria nikaona sio uchache wa dakika za kucheza. Nilikuwa na Game Boy Advance, mashine ya gemu ya mkononi ile ya 2001, inatumia betri mbili za AA na skrini haina taa, ukitaka kucheza gizani lazima uwe na tochi, na betri mama ndo alikuwa anazitunza. Siku moja niko katikati ya pambano kwenye gemu ya Pokémon, na pale huwezi kuseivu, yaani kuhifadhi ulipofikia, mpaka pambano liishe, mama akaja akaichukua mkononi mwangu, akafungua kifuniko cha nyuma, akachomoa betri zote mbili akaondoka nazo bila kusema neno. Mchana mzima umepotea hivyo. Nikalia, nikaambiwa nalilia kidude. Kesho yake nikatoa betri za rimoti ya tivii nikajifungia chooni, yaani nilichojifunza pale ni kujificha, kuacha sikuacha.

Sasa ijue gemu anayocheza mwanao, hapa ndo wazazi wengi tunafeli. Muulize inaseivu vipi, atafurahi mno kukuonyesha. Kuna gemu unaseivu popote, kuna zingine mpaka ufike sehemu fulani, na Tetris ya Game Boy ya 1989 ilikuwa haiseivu kabisa, ukizima basi. Mashine za siku hizi zimerahisisha sana, tangu Nintendo DS ya 2004 ukifunga kifuniko inalala tu na ukifungua gemu mara nyingi unaikuta palepale, na Switch, mashine nyingine ya Nintendo, nayo unabonyeza kitufe cha kuwasha inasinzia. Ila mechi ya mtandaoni na wenzake haimsubiri mtu, akitoka ameshindwa na pengine amewaangusha na wenzake wa timu, kwahiyo hiyo usimpimie kwa dakika, mpimie kwa mechi. Mwambie mbili, halafu kula.

Muda ukikaribia usipige kelele kutoka jikoni. Nenda mpaka alipo, angalia skrini, muulize "umebakiza nini hapo?" Akisema namalizia hili pambano, mwache amalizie, na likiisha simama palepale mpaka azime. Ukiondoka anaanza lingine, namjua wa kwangu.

Switch ina programu ya wazazi ya kwenye simu, unaweka muda wa siku na unachagua muda ukiisha itoe onyo tu au isimamishe gemu yenyewe. Mi naanza na onyo, ile ya kusimamisha naiona kama ni mama na betri zake tena.

Na sababu mpe, hata kama ni fupi. Mama nilikuja kumuuliza nikiwa mtu mzima, akaniambia alikuwa anaogopea macho yangu, skrini ile ndogo haina mwanga na mimi nimeinamia. Miaka yote ile nilidhani hapendi nifurahi tu! Kama wako bado yupo muulize na wewe, ila muulize taratibu sio kwa kumshtaki.

Sheria moja ya mama nimeibakiza kama ilivyo, usiku mashine hailali chumbani kwa mtoto. Inakaa sebuleni kwenye chaji, na simu yangu naiweka hapohapo pembeni yake, maana wiki ya kwanza tu aliniuliza mbona yako unaingia nayo kitandani na sikuwa na jibu.